Bwawa Lenye Sura ya Ziwa: Tuliyojifunza kwenye Mto Mississippi, Rock Island

Kila mwaka barafu ikianza kuyeyuka, simu yangu hujaa maswali ya aina moja kutoka kwa ndugu zetu wa Rock Island, Moline na Davenport, miji ya Marekani iliyo kando ya mto Mississippi. Boti nzuri ya mkono wa pili inapatikana wapi? Leseni ya kuvua inakatwa wapi? Kambare wanakaa upande gani? Ni maswali mazuri na huwa nayajibu. Lakini swali ambalo ningependa mtu aanze nalo ni jingine: maji haya yanakwenda wapi, na nani anayeyafungulia?

Wengi wetu tumekulia Baraka, Uvira, Kalemie, Rumonge au Kigoma. Maji tunayajua. Mtoto wa kwetu anaogelea kabla hajajua kusoma, na mvuvi akitazama mawingu ya Tanganyika jioni anakwambia kama usiku huo ni wa kutoka au wa kulala nyumbani. Ujuzi huo ni wa kweli na ninajivunia. Ila ni ujuzi wa ziwa, na haya maji yaliyo mbele yetu si ziwa, hata macho yakikataa. Nimeona tofauti hiyo inavyoweza kumwondoa mtu, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Sisi tulifika Illinois mwishoni mwa 2016, tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala kule Baraka, kabla vita havijatuvusha hadi Kigoma. Kambini hakuna ziwa. Nilikaa miaka mingi nikichota maji kwa foleni, na usiku naota mashua. Kwa hiyo nilipouona Mississippi mara ya kwanza, kingo zake zimeganda na katikati maji meusi yanapita polepole, nilisimama kwenye baridi mpaka mama watoto akanivuta mkono. Mtaani kwetu mto unafanya jambo lisilo la kawaida: badala ya kushuka kusini, unageuka na kutiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, Iowa ikiwa kaskazini na Illinois kusini. Jioni jua linazama juu ya maji yenyewe, kama lilivyokuwa linazama Kigoma nyuma ya milima ya Kongo. Nikajiambia, hapa nitaishi.

Miaka ya mwanzo nilikuwa navulia ukingoni tu. Kazi yangu ilikuwa kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, na asubuhi nikitoka kabla ya kulala nilikuwa napita mtoni na fimbo. Wenzangu wa kazini walinionyesha mahali ambapo kila mgeni huonyeshwa: chini ya ukuta wa bwawa. Samaki hujazana pale kwa sababu wanapanda mto na ukuta unawazuia, na maji yanayovurugika pale yana hewa nyingi na visamaki vidogo vya kula. Wakati wa baridi kali, mto ukiwa umeganda kwingine, pale pekee hubaki wazi, na tai wenye vichwa vyeupe hukusanyika kwenye miti kwa wingi. Ukiwaona utasema ni furukombe wa kwetu. Ila mlio ni tofauti.

Pale ukingoni ndipo nilipokutana na mzee mmoja Mmarekani, mstaafu, ambaye maisha yake yote ameyamalizia kwenye mto huu. Simtaji jina kwa kuwa hapendi. Aliniona nimesimama kwenye mawe yenye utelezi, viatu vya kiwandani, hakuna jaketi okozi, na watoto wangu wawili pembeni. Hakunikemea. Aliniuliza kama najua kengele na taa nyekundu zilizoko ukutani ni za nini. Sikujua. Akasema, "Chukua watoto, twende juu nikuonyeshe."

Nakuomba na wewe uanzie huko alikonipeleka, kabla hujanunua hata ndoano. Kwenye Kisiwa cha Arsenal, kando kabisa ya loki namba 15 (loki ni chumba cha maji chenye malango, kinachopandisha na kushusha meli penye ukuta wa bwawa), kuna kituo cha wageni cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Kuingia ni bure. Unasimama nje kwenye jukwaa na kuangalia meli zikipandishwa na kushushwa chini ya miguu yako. Kisiwa ni eneo la jeshi, hivyo ulizia kwanza utaratibu wa kupita getini na beba kitambulisho chako.

Alichonieleza mzee siku ile ndicho msingi wa mambo yote. Zamani, kati ya LeClaire na Rock Island, mto ulikuwa na miamba na maji ya kasi kwa karibu maili 14. Meli za mvuke zilikuwa zikivunjikia hapo, na LeClaire palikuwa na marubani ambao kazi yao ilikuwa kuzivusha kipande hicho tu. Mwaka 1930 Bunge la Marekani likaidhinisha mpango wa kuufanya mto huu wa juu uwe na njia ya meli yenye kina cha futi 9, karibu mita 2.7, msimu mzima wa safari. Wakajenga kuta na loki moja baada ya nyingine kutoka Minnesota hadi karibu na St. Louis, mpaka mto ukawa ngazi. Kila ukuta unashikilia maji nyuma yake, na kipande kati ya ukuta na ukuta ni bwawa linaloitwa kwa namba ya ukuta wa chini yake. Loki kwa jumla ni 29. Ukuta wetu wa 15 ulikamilika 1934. Bwawa la 15 ni fupi, karibu maili 10 tu hadi ukuta wa 14 ulioko chini kidogo ya LeClaire. Ukishuka loki ya 15 unaingia bwawa la 16, linalokwenda hadi Muscatine.

Shika hapo. Bwawa hili halikujengwa kwa ajili ya umeme, wala kwa kunywa, wala kwa kuzuia mafuriko. Limejengwa ili matishari, yale vyombo bapa vya kubebea mizigo, yapite. Sisi wenye boti ndogo, wavuvi, wenye kuteleza majini na wenye kupiga picha, tunakaribishwa, lakini njia ni ya matishari. Na maji hayajasimama hata siku moja. Yote unayoyaona yanapita kwenda kwenye ukuta.

Ukuta wenyewe una milango 11 ya chuma, kila mmoja ni pipa refu lililolala, karibu futi 100 kwa urefu, linalozungushwa kupanda na kushuka. Kwa kawaida maji hupita chini ya pipa. Hilo ndilo la kuogopa. Ukiwa upande wa juu, huoni poromoko, huoni povu, husikii kelele kubwa. Unaona maji laini yamefika kwenye chuma yakaishia hapo. Lakini chini yanavutwa kwa nguvu kubwa, na boti ikigusana na mlango inageuzwa na kunyonywa chini. Upande wa pili maji yanajirudia yenyewe kuelekea ukutani, hivyo kitu kikianguka pale kinazungushwa hapo hapo bila kutoka. Ndiyo maana ni marufuku kuingia futi 600 upande wa juu wa ukuta na futi 150 upande wa chini. Zile taa nyekundu nilizoulizwa zinasema hivyo.

Mwaka 2019 nilielewa jambo la pili. Majira yale ya machipuko mto ulipanda mpaka tarehe 30 Aprili vizuizi vya muda vya Davenport vikaachia, maji yakaingia mjini kati, na magari yakazama mitaani. Tarehe 2 Mei kipimo cha Rock Island kilifika futi 22.70, kikapita rekodi ya 1993 ya futi 22.63. Kanisani kwetu watu walikuwa wanauliza kwa hasira: mbona hawafungi bwawa wayazuie maji huko juu? Niliuliza swali lile lile kwa mzee. Akanijibu kwamba hakuna pa kuyaweka. Kuta hizi hazina tumbo la kuhifadhi mafuriko. Mto ukijaa, kinachofanyika ni kinyume: milango yote inanyanyuliwa juu ya maji, mto unapita kana kwamba ukuta haupo. Kwa hiyo ndugu yangu unayepanga nyumba bondeni ukidhani bwawa litakulinda, usihesabu hivyo. Uliza nyumba ilifikwa na maji 2019 au la, na uulize bima ya mafuriko, maana bima ya kawaida ya nyumba haiihusishi.

Baada ya mafuriko yale ndipo mimi na shemeji yangu tulipochanga pesa tukanunua boti. Ilikuwa ya alumini, futi 16, na injini ya kupachika ya nguvu farasi 25, na trela lake. Ilitugharimu karibu dola elfu tatu, na wakati ule tulidhani gharama zimeishia hapo.

Hapa niseme wazi kuhusu karatasi, kwa kuwa ndizo zilizotutoa jasho. Aliyetuuzia alitupa hati ya boti, akasema ya trela ataitafuta. Hakuipata. Huku Illinois boti husajiliwa na Idara ya Maliasili ya jimbo, lakini trela ni gari, lina hati yake na kibao chake kutoka ofisi ya magari. Bila hati ya trela boti yako haitoki uani kihalali. Ilituchukua karibu msimu mzima wa safari za ofisini, fomu na ada kuliweka sawa, na boti imekaa chini ya turubai. Usitoe pesa mpaka karatasi zote mbili ziko mkononi, na namba iliyogongwa kwenye chuma cha trela inalingana na ya karatasini. Halafu ongeza kwenye bajeti: jaketi okozi kwa kila mtu kwa saizi yake, kizimamoto, filimbi au honi, taa za usiku, nanga na kamba, redio ya VHF ya mkononi (ya mawasiliano ya majini), mafuta, na matengenezo ya injini kabla ya baridi. Sisi vitu hivyo vilituongezea zaidi ya robo ya bei ya boti.

Kizibo nacho usikisahau. Nyuma ya boti chini kabisa kuna tundu la kutolea maji. Unapoitoa boti mtoni unakifungua ili maji yote yatoke na usibebe majani wala kome wa pundamilia, wale kome wadogo wavamizi, kwenda maji mengine, na Iowa sheria inataka kiwe wazi ukiwa barabarani. Ukirudi majini kirudishe. Mimi nakitundika kwenye ufunguo wa injini, siwezi kuwasha bila kukigusa.

Msimu uliofuata tulianza kutoka, tukiwa bwawa la 16 zaidi, upande wa Andalusia, ambako kuna visiwa na mikono ya mto yenye utulivu. Shemeji alikuwa amekaa mbele, mimi nyuma kwenye injini. Tulikuwa nje ya maboya, karibu na kisiwa, maji mapana pande zote. Shemeji akasema, "Yaani hapa ni Tanganyika tupu, fungua mashine." Nikafungua. Kilichofuata ni mshindo uliotuinua kwenye viti, injini ikaruka juu ikipiga yowe, kisha kimya. Rafadha, yale mapanga ya injini, ilikuwa imekatika mabawa mawili.

Tuligonga ukuta wa mawe. Zipo nyingi sana kuta za namna hiyo, zimejengwa tangu karne ya 19, kabla ya mabwawa, kwa mawe na matita ya matawi, kutoka ukingoni kuelekea katikati, ili kuusukuma mkondo ujichimbie njia wenyewe. Mabwawa yalipokuja maji yakapanda yakazifunika. Ziko pale bado, nyingine futi mbili tu chini ya uso. Ziwa letu ukitoka hatua chache ufukweni hujui tena chini kuko wapi. Hapa unaweza kuwa katikati ya maji mapana kabisa na kusimama yakakufika magotini.

Tangu siku ile hatutoki bila ramani ya mto. Wahandisi wa Jeshi wanazitoa bure kwenye mtandao, bwawa kwa bwawa, na kila ukuta uliozama umechorwa. Ukiwa majini angalia mstari wa viwimbi uliokatisha kutoka ukingoni wakati kwingine ni laini. Huo ni ukuta. Kaa ndani ya njia ya maboya mpaka uujue mto: ukipanda mto, mekundu yako kulia na ya kijani kushoto, ukishuka ni kinyume. Na jambo la kufariji ni kwamba samaki wanazipenda kuta hizo. Ukiisha kuzijua, unafika polepole, unaweka nanga juu yake, na unavua vizuri kuliko pengine popote.

Kupita loki kulinitisha kwa muda mrefu bila sababu. Ni bure, hakuna kibali cha pekee, na watu wa loki ni wavumilivu mno. Unaita kwenye VHF chaneli ya 14, unasema wewe ni boti ya burudani na unakwenda juu au chini. Kama huna redio kuna kamba ya kuvuta kwenye ncha ya ukuta mrefu wa kuingilia, au unapiga honi moja ndefu na moja fupi. Kisha unasubiri mbali na njia. Taa nyekundu kaa mbali, ya njano jongea polepole, ya kijani ingia. Kipaumbele kinaanzia vyombo vya serikali ya Marekani vya kijeshi, kisha vya abiria na mizigo, sisi wa burudani ni wa mwisho. Msafara mmoja wa mizigo ni matishari 15, matatu kwa matano, yamefungwa kwa nyaya na kusukumwa na boti moja kutoka nyuma. Urefu wake ni karibu futi 1,200 na chumba cha loki ni futi 600, kwa hiyo unakatwa vipande viwili na kupitishwa mara mbili. Hiyo peke yake ni saa moja na nusu au zaidi. Beba maji ya kunywa, kivuli na chakula cha watoto.

Mara ya kwanza tuliingia na watoto. Chumba kina upana wa futi 110, na boti yetu ilikuwa imepotea humo. Mfanyakazi wa loki alitutupia kamba kutoka juu, akatuambia tuishike tu, tusiifunge popote. Hilo msilisahau: maji yakishuka na kamba imefungwa, boti inaning'inia ukutani. Tukazima injini. Lango la nyuma likafunga. Hakuna pampu, ni vali zinafunguliwa na maji yanajiendea yenyewe. Mwanzo hudhani kitu kinatokea, mpaka unapoona ukuta ulio mbele ya pua yako umelowa, kisha una utelezi wa kijani, kisha una kome wadogo wameng'ang'ania zege, na kamba inateleza viganjani kidogo kidogo. Tulishuka karibu mita 5. Anga ikabaki juu. Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, wamelisahau lango?" Honi ikalia, malango mawili yakaachana katikati, na bwawa la 16 likaonekana mbele. Tangu hapo wanataka kupita loki kila Jumamosi.

Sasa lile lililonifanya niandike. Lilikuwa mwezi wa sita, baada ya mvua kubwa za huko juu, mto umepanda lakini hauko kwenye mafuriko. Tulikuwa bwawa la 15, mimi na shemeji peke yetu, tunarudi jioni, ukuta uko chini yetu kwa mbali. Injini ikakohoa ikazima. Nilivuta kamba ya kuwashia, nikavuta tena, na tena. Baadaye fundi alikuta maji kwenye petroli. Kule ziwani injini ikizima siku ya utulivu unakaa, unasafisha plagi, unapiga makasia. Shemeji alikuwa tayari ameanza kufungua kifuniko. Mimi nikaangalia ukingoni kutafuta alama, mti mmoja mkavu, na nikaona unapita. Hatukuhisi mwendo wowote, maji yaliyotuzunguka yalikuwa yanakwenda na sisi. Ila mti ulikuwa unaondoka haraka, na mapipa ya ukuta, ambayo dakika chache kabla yalikuwa mstari tu, nilikuwa naweza kuyahesabu.

"Shemeji, achana na mashine. Nanga."

Mzee alikuwa ametulazimisha kununua nanga ya uzito unaofaa na kamba ndefu, mara saba ya kina cha maji. Kina cha futi 20 kinataka kamba futi 140. Nilipolipa nilinung'unika. Na alikuwa amenishikisha jambo jingine kama sala: kwenye mkondo nanga hutupwa omoni, mbele, kamwe si nyuma, maana nyuma ndiko kuna injini na uzito, na mkondo utaizamisha boti kwa kuijaza maji. Shemeji alitupa mbele. Kamba ikakimbia, ikakimbia, ikaisha, nanga ikaburuta kwenye miamba, na boti ikapiga kelele ya alumini kisha ikageuka ikatazama juu ya mto. Hapo ndipo tulipouona mkondo kwa mara ya kwanza, unapita pembeni mwetu kwa kasi na kutoa povu omoni.

Niliita chaneli ya 14 kwa sababu nilijua loki wanasikia. Chaneli ya dharura ni 16, ijue hiyo pia. Sauti ikajibu mara moja, tulivu kabisa, ikauliza tuko wangapi, kama tumevaa jaketi, kama nanga imeshika. Ikatuambia tusiikate kamba kwa sababu yoyote. Shemeji alikuwa anasali kwa Kibembe, mimi mikono ilinitetemeka hata kitufe cha redio nikakiachia katikati ya sentensi. Boti moja ya wavuvi waliosikia redioni ilifika ikatufunga kamba na kutuvuta hadi Bettendorf. Hawakutaka hata pesa ya mafuta. Usiku ule sikulala, na haikuwa kwa furaha ya kupona. Nilikuwa nafikiria ni wangapi wa kwetu wana boti sasa, na nanga walizonazo ni zile ndogo za duka la bei rahisi zenye kamba ya kuanikia nguo.

Mama watoto hakunikataza kurudi mtoni. Alitoa masharti: watoto wote wajifunze kuogelea kwenye bwawa la kuogelea la mji kwa mwalimu, na jaketi lifungwe kifuani kabla mguu haujakanyaga boti, wakubwa kwa wadogo. Sheria ya Illinois na Iowa inawahusu walio chini ya miaka 13 boti ikiwa safarini. Kwetu inamhusu kila mtu. Najua wanaume wa ziwani tunavyoona aibu kuvaa. Lakini mwezi wa nne na wa tano jua linawaka, hewa ina joto, na maji bado ni ya theluji iliyoyeyuka. Mwogeleaji hodari akidumbukia anavuta pumzi ghafla bila kupenda, na misuli inakataa baada ya dakika chache. Maji ya Tanganyika hayajawahi kumfundisha mtu baridi hiyo. Vaa pia mkononi ile kamba inayozima injini ukianguka. Tangu Aprili 2021 sheria ya shirikisho inaitaka kwa boti ndogo zenye kifaa hicho.

Kuhusu matishari, yapishe tu, kila mara. Nahodha wa msafara yuko juu nyuma kabisa, na mbele ya matishari kuna eneo refu la maji asiloliona kabisa. Kusimama kunaweza kumchukua maili nzima au zaidi. Usikatishe mbele yake, na usimfuate karibu nyuma, maana rafadha zake zinaacha maji yenye vurugu kwa umbali mrefu.

Na samaki mnaopeleka nyumbani: kambare wa hapa ni watamu na hakuna anayewakataza, ila idara ya afya ya jimbo hutoa ushauri wa kiasi cha kula kwa sababu ya zebaki na kemikali nyingine, hasa kwa wajawazito na watoto. Usome kila mwaka. Samaki wakubwa kupita kiasi waachieni mto, mle wa kati.

Vijana wetu waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1998 hawaruhusiwi kuendesha boti ya injini yenye zaidi ya nguvu farasi 10 hapa Illinois bila cheti cha usalama. Mafunzo yapo mtandaoni na mitihani ni ya Kiingereza. Wapo wanaoelewa mto vizuri na wanashindwa kwa lugha tu. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa pili, loki zikiwa zimefungwa na barafu, Jumamosi mchana mimi na shemeji tunakaa nao kwenye ukumbi wa kanisa, tunasoma sura kwa sura kwa Kiswahili na Kibembe, na ramani ya bwawa la 15 na la 16 tumezibandika ukutani. Nanga yetu nayo huwa tunaileta, na kamba yake yote, kila mtu aishike aone uzito. Anayetaka kuja na aje, hata kama boti hana bado.